Mwanafunzi wa uuguzi, teja na ufunguo wa kabati

Julai 30, 2025, serikali ya Kenya ilizindua sera mpya ya kitaifa ya kukabili pombe na mihadarati. Kati ya mapendekezo yake yote, wananchi waling'ang'ania moja: umri wa kuruhusiwa kunywa pombe upande kutoka miaka 18 hadi 21. Mitandaoni watu walicheka, wenye baa wakalalamika, na serikali ikabidi ieleze kwamba sera si sheria, na kwamba mpaka Bunge liiguse ile sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi tunaijua kama Sheria ya Mututho, kijana wa miaka 18 bado ni mtu mzima mbele ya kaunta. Mawazo yangu yalikimbilia kwa wanafunzi wa uuguzi. Wengi wao huanza chuo wakiwa na miaka 18 au 19. Kwa hesabu ya sera hiyo, binti wa miaka 20 atanyimwa chupa ya bia saa moja jioni, na saa tano usiku atakuwa wodini akivuta pethidini, dawa kali ya maumivu, kwa sindano ya mgonjwa, huku muuguzi wa pekee aliye zamu akimwangalia kwa jicho moja kwa sababu jingine liko kwa mgonjwa anayetapika kitanda cha pili.

Simlaumu aliyeandika sera. Ninachosema ni kwamba mjadala uliofuata umetupeleka pembeni. Kila mihadarati vyuoni inapotajwa husikika majibu mawili: pandisha umri, na pima mkojo. Kwa vyuo vya afya jibu la pili hutolewa kwa sauti ya juu zaidi, maana nani anataka kudungwa sindano na mtu aliyelewa? Majibu yote mawili yanauliza kuna nini mwilini mwa mwanafunzi. Mimi naona swali zito liko kwingine: mwanafunzi huyu anamwonaje mraibu? Dharau anayojifunza kumwonea teja, dharau isiyoandikwa kwenye mtaala wowote lakini hufundishwa kila siku wodini, ndiyo hiyohiyo itakayomziba mdomo siku atakapoteleza mwenyewe. Tumezoea kuyaweka haya mbalimbali: matumizi ya mihadarati kwa wanafunzi tunayaona kuwa kosa la nidhamu, na mtazamo wao kwa waraibu tunauona kuwa suala la adabu tu. Nitajaribu kuonyesha kwamba yameshikana.

Tuanze na hali ilivyo. Utafiti wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na mihadarati, wa mwaka 2022 ulikuta kwamba Mkenya mmoja kati ya kila 6 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kilevi kimoja, kiwe pombe au kingine. Mmoja kati ya 8 anakunywa pombe, mmoja kati ya 28 anatafuna miraa au muguka, mmoja kati ya 53 anavuta bangi. Mwanafunzi wa uuguzi anatoka katika nyumba hizohizo, na anaingia chuoni na aliyoyaona kwao. Kinachomtofautisha na mwenzake anayesomea uhasibu ni ratiba. Zamu ya usiku inaanza jioni, inakwisha asubuhi, na darasa linaweza kuwa linamsubiri mchana uleule. Katikati ya zamu hiyo anaweza kumwona mtu akikata roho kwa mara ya kwanza maishani mwake, amsaidie sista kumwosha na kumfunga, kisha aende kupima presha za waliobaki. Hapa Pwani, cha kumkesheza mtu ni muguka: bei yake ni ndogo, unauzwa kila kona, na hauachi harufu ya pombe. Mwaka 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta waliupiga marufuku, watu wa Embu, kunakolimwa muguka, wakaenda mahakamani, amri zikasimamishwa, biashara ikaendelea. Anayetafuna ili akeshe hupata handas yake, ule uchangamfu anaoutafuta, lakini asubuhi akijitupa kitandani usingizi hauji. Mtu wa kawaida hapo ndipo anapotafuta pombe, au vile vidonge ambavyo mitaani Mombasa huitwa bugizi. Mwanafunzi wa uuguzi hana haja ya kwenda mtaani. Diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, iko kwenye toroli ya dawa anayoisukuma yeye.

Kwa hiyo hoja ya umri haimfikii. Sibezi faida zake: Marekani ilipoyalazimisha majimbo yake mwaka 1984 kuweka umri wa kunywa kuwa miaka 21, vifo vya vijana barabarani vilipungua, na hilo si jambo dogo. Vyuo vyao havikukauka pombe hata hivyo, na sijapata kusikia mtu akidai kwamba sheria ile ililinda wodi yoyote. Wodini hatari haiko dukani, iko kabatini.

Wauguzi huliita kabati la DDA. Jina hilo lilitokana na sheria ya zamani ya dawa hatari, Dangerous Drugs Act, iliyofutwa Kenya mwaka 1994 ilipokuja sheria mpya ya mihadarati. Sheria ilikufa, jina likabaki, kama yanavyobaki mambo mengi ya wakoloni. Ndani ya kabati kuna mofini, pethidini na jamaa zake. Kuna kufuli, kuna kitabu, na kuna kanuni kwamba dawa haitoki bila sahihi mbili. Kichupa cha pethidini aghalabu huwa na miligramu 100. Daktari akiandika mgonjwa apewe 50, zile 50 nyingine zinapaswa kumwagwa mbele ya shahidi, na shahidi atie sahihi kwamba ameona. Mchana kanuni hii inafuatika. Usiku, muuguzi akiwa mmoja, shahidi ni nani? Nikiwa mwaka wa pili, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilitia sahihi mara nyingi kwenye safu ya shahidi nikiwa nimeketi mezani najaza chati, kwa sababu dada aliyekuwa zamu aliniambia, "Weka sahihi hapa, mdogo wangu." Sikuona dawa ikimwagwa. Sidai kwamba haikumwagwa. Nasema sikuona, na hakuna mtu aliyewahi kuniketisha akaniambia kwamba sahihi ile ilikuwa na kazi zaidi ya kuujaza mstari.

Sasa tuje kwenye mkojo. Wanaotaka wanafunzi wapimwe wana hoja ya kweli, na sipendi inapobezwa kwa jina la haki za vijana. Mama aliyetoka kupasuliwa ili ajifungue, akadungwa maji kwa sababu dawa yake imeingia kwenye mshipa wa mtu mwingine, ameibiwa na ameteswa kwa wakati mmoja. Jambo hilo haliwezi kuitwa faragha ya mwanafunzi. Rubani hupimwa, dereva wa gari la masafa marefu hupimwa, na anayeshika sindano ana roho za watu mkononi kuliko hata dereva. Upande wa pili nao husema kwamba kipimo kinaonyesha alichotumia mtu bila kuonyesha kama alikuwa amelewa kazini, na kwamba chuo kikishika matokeo hayo kina silaha ya kumwondoa yeyote kisiyempenda. Nao hawajakosea.

Lakini kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka: kipimo chenyewe kinaona nini? Vijiti vya kawaida vya kuchovya kwenye mkojo vinaweza kumkamata mvuta bangi wa kila siku wiki kadhaa baada ya kuacha. Pombe ya juzi haionekani. Kijiti cha jamii ya afyuni kimetengenezwa kumtafuta mofini na ndugu zake wa karibu, kwa hiyo mwanafunzi aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini anaweza kuonekana mtumiaji. Pethidini, fentanili na tramadoli humpita kijiti hichohicho, mpaka kila moja itafutiwe kipimo chake. Muguka kwa kawaida hauko kabisa kwenye orodha. Tukiweka vijiti hivi kwenye lango la chuo cha uuguzi, tutamfukuza kijana aliyevuta bangi kwenye harusi ya binamu yake, na tutampigia saluti yule anayejidunga dawa ya wagonjwa. Kipimo kina mahali pake: dawa zikipotea, au mwanafunzi akionekana anapepesuka kazini, apimwe kwa vifaa vinavyotafuta dawa zilizoko kwenye kabati lile. Kuwapanga wote mstari mmoja mwanzoni mwa muhula ni tamasha la wazazi.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu inatoka kwetu wenyewe, watu wa fani. Husemwa hivi: mwanafunzi wa uuguzi anajifunza famakolojia, anajua kila dawa inafanya nini mwilini, kwa hiyo elimu yake itamkinga. Waliotutangulia walijua zaidi, ndipo wakasema mganga hajigangi. Tena kuna mfano ambao kila mwanafunzi anauvaa mikononi bila kujua. Mwishoni mwa miaka ya 1880, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, daktari wa upasuaji William Halsted aliiomba kampuni ya Goodyear itengeneze glavu nyembamba za mpira kwa ajili ya muuguzi wake wa chumba cha upasuaji, Caroline Hampton, ambaye kemikali za kuulia vijidudu zilikuwa zinamla ngozi ya mikono. Glavu zikatengenezwa, Halsted akamwoa Caroline mwaka 1890, na chumba cha upasuaji hakikubaki kama kilivyokuwa. Miaka michache kabla ya hapo, Halsted na wenzake walikuwa wamejidunga kokeini katika majaribio ya kuitumia kama ganzi. Alinaswa. Katika kutibiwa akapewa mofini, akanaswa na hiyo pia. Alifundisha na kupasua kwa miongo mitatu, akafa mwaka 1922 akiheshimiwa, na ni mwaka 1969 tu, maandishi yaliyokuwa yamefungwa ya rafiki yake William Osler yalipofunguliwa, ndipo ikajulikana kwamba mofini ilikuwa imeendelea kwa miaka ambayo watu walimdhani amepona. Huyo hakukosa elimu ya dawa. Elimu ilimpa ujasiri wa kujipimia dozi, na heshima ilimpa mahali pa kujificha.

Ujasiri huo wa "najua dozi" ndio ninaouona kwa wanafunzi, na unakaa pamoja na dharau bila kugombana nayo. Mwanafunzi anajiambia: teja ni yule anayejidunga unga kwenye gofu, mimi nameza nusu kidonge nipate kulala. Ili aweze kujitenga hivyo, lazima yule wa kwenye gofu awe kiumbe cha aina nyingine. Na sisi tunamsaidia kumfanya hivyo. Fikiria ni wapi mwanafunzi anakutana na mraibu kwa mara ya kwanza akiwa na sare. Ni katika mafunzo ya afya ya akili, Mathari kule Nairobi, hospitali iliyoanza mwaka 1910 kama nyumba ya kufungia wendawazimu, au Port Reitz hapa Mombasa. Pale anawaona waliofika ukingoni: waliochanganyikiwa, walioletwa na polisi, waliosukumwa langoni na ndugu waliochoka. Mahali pengine ni idara ya dharura, ambako anashuhudia muuguzi mzoefu akitafuta mshipa kwenye mkono ulioisha, huku akisema kwa sauti wote wasikie, "Teja huyu, mshipa ameumaliza mwenyewe." Kitabuni mwanafunzi alisoma kwamba Shirika la Afya Duniani linauhesabu uraibu kuwa ugonjwa, anaweza hata kukutajia alama zake katika orodha ya magonjwa ya shirika hilo, kutoka F10 hadi F19, na kwamba F11 ni ya jamii ya afyuni. Mtihani ataupita. Lakini mtu hufuata anachomwona mkubwa wake akitenda.

Zipo sehemu ambazo angeona picha nyingine. Kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mraibu wa heroini badala ya unga, ilianza Mathari mwishoni mwa mwaka 2014, ya Malindi mwanzoni mwa 2015, na baadaye Kisauni. Tanzania walitangulia, Muhimbili ikianza Februari 2011. Kazi ya kliniki hizi haina maajabu: mtu anafika dirishani kila siku, anakunywa dawa yake mbele ya muuguzi, anasema neno mbili tatu ionekane amemeza, anakwenda zake. Mmoja anakwenda kuendesha bodaboda, mwingine sokoni, mwingine anarudi barazani kwa kuwa hana kazi. Wapo wanaokosa siku, wapo wanaorudi kwenye unga, wapo walio na miaka wametulia. Mwanafunzi akikaa pale mwezi mzima ataanza kuwajua kwa majina, kujua nani mkewe amejifungua na nani ana kesi mahakamani. Ni vigumu kumwita mtu teja ukishajua jina la mtoto wake. Kwa maoni yangu, mwezi huo ungefanya kazi ambayo mihadhara kumi ya maadili haijafanya, na hautaki jengo jipya wala mfadhili.

Hasara ya kutofanya hivyo haiishii kwa mwanafunzi. Takwimu ambazo Kenya imezitumia kwa miaka mingi zinaweka kiwango cha VVU miongoni mwa wanaojidunga karibu na asilimia 18, mara kadhaa ya kiwango cha watu wazima kwa jumla. Mtu huyu akitukanwa mapokezini leo, kesho haji kuchukua dawa zake, na wanaochangia naye sindano wanalipa. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma nyingi za VVU na za waraibu zilizotegemea fedha hizo zilitikisika. Kazi iliyokuwa ikifanywa na watumishi wa miradi, waliozoea kuongea na waraibu, inaelekea kuangukia kwa muuguzi wa kawaida wa kaunti. Huyo muuguzi wa miaka mitatu ijayo ndiye mwanafunzi wa leo.

Kuna sura nyingine ya mtazamo huu ambayo huzungumzwa kidogo, nayo ni woga. Kiswahili kinatumia neno moja, dawa, kwa kinachoponya na kwa kile cha kulevya. Hata mihadarati, neno tulilolichukua kwa Waarabu, mzizi wake ni ganzi, na kwao mtaalamu wa nusukaputi bado anaitwa kwa mzizi huohuo. Lugha inajua kwamba ni kitu kimoja chenye ncha mbili. Mwanafunzi aliyefundishwa kuiogopa ncha moja tu anakuja kumnyima mofini mzee mwenye saratani ya koo, akihofu "atazoea", ilhali mzee ana wiki tatu za kuishi. Uganda iliamua tofauti. Mwaka 2004 ilibadilisha kanuni zake, wauguzi waliosomea huduma shufaa, ya kuwatuliza maumivu wagonjwa wasiotarajiwa kupona, wakaruhusiwa kuandika mofini wenyewe. Mofini ya maji ikafika vijijini ambako daktari hafiki. Waliamini kwamba muuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kuaminiwa na ufunguo. Sisi tunampa mwanafunzi ufunguo kwa sababu ya uhaba wa watu, tena bila mafunzo, halafu tunashangaa.

Najua jibu litakalokuja: huu ni ulegevu, ukimfungulia mwanafunzi mlango wa kukiri, kila mwizi wa dawa atajifanya mgonjwa. Hatari hiyo ipo. Lakini wenzetu wamelijaribu hili muda mrefu. Jimbo la Florida, mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilianzisha mpango wa wauguzi wenye uraibu kutolewa kazini mara moja, kutibiwa, na kurudi chini ya uangalizi wa miaka kadhaa wenye vipimo visivyotangazwa, na majimbo mengine mengi yakaufuata. Mgonjwa analindwa kwa sababu muuguzi ameondolewa wodini siku ileile, bila kusubiri kesi ya nidhamu. Anayevunja masharti anapoteza leseni. Kwetu, mlango pekee aliouona mwanafunzi ni wa kutokea: barua ya kufukuzwa, ada ya miaka miwili imekwenda na maji, wazazi waliouza shamba hawana la kusema mbele za watu. Mwenye kuona hilo mbele yake atanyamaza, ataendelea kupokea zamu, na mwenzake wa chumbani anayejua kila kitu atanyamaza pia. Wakunga wana msemo wao, mficha uchi hazai, lakini tumemwekea huyu kila sababu ya kuficha.

Ninayoyapendekeza si mageuzi makubwa. Mwezi mmoja katika kliniki ya methadoni kwa kila mwanafunzi, badala ya kuona uraibu Mathari au Port Reitz pekee. Mwanafunzi asiwe shahidi wa kumwaga dawa za DDA, hata usiku. Kama hakuna muuguzi wa pili, aitwe wa wodi ya jirani, na kama naye hayupo, hospitali iandike hivyo kitabuni ili ijulikane hutokea usiku mara ngapi. Na Baraza la Wauguzi, ambalo linamsajili mwanafunzi tangu anapoanza chuo, liwe na mtu wa kupokea maungamo ambaye si mkuu wa chuo wala mwalimu anayetunga mtihani.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Majuzi nilimuuliza rafiki yangu ambaye ni mwalimu wa uuguzi: mwanafunzi wako akija ofisini akakwambia amekuwa akichukua diazepamu ya wodi tangu Machi, utafanya nini? Hakufikiri. "Anakwenda nyumbani," alisema. Akanywa chai yake, akanyamaza kidogo, kisha akaniinamia na kuuliza kwa sauti ya chini, "Kwani amekwambia ni nani?"